Kivuli cha haraka ukutani, ila chunga mbegu zisifike kwa mtoto

NYUMBA nyingi mpya pembezoni mwa Jiji la Dodoma, kuanzia Chimwaga kilipo Chuo Kikuu cha Dodoma hadi Iyumbu na Ng'ong'ona, zina tatizo moja: jua. Kiwanja kimesafishwa, miti imekatwa, na ukuta wa magharibi ukishapigwa jua la alasiri, chumba cha watoto kinabaki na joto hadi usiku.

Mwarobaini utachukua miaka kutoa kivuli. Maua yanayotambaa, yakipandwa kwa mbegu na kupata maji, yanaweza kufunika kamba za ukutani ndani ya miezi miwili hadi mitatu.

Lakini kwa mwenye mtoto anayetia kila kitu mdomoni, swali la kwanza si ua lipi zuri. Ni je, mbegu yake ikiliwa itakuwaje?

Ya kuepuka

La hatari zaidi ni mtipitipi. Mbegu zake nyekundu zenye doa jeusi, maarufu kama macho ya tipitipi, huvutia watoto na hutungwa shanga. Ndani yake kuna sumu iitwayo abrini. Mbegu ikimezwa nzima, ganda gumu linaweza kuizuia sumu. Ikitafunwa au ikiwa imetobolewa, kiasi kidogo sana kinaweza kuua.

Pia kuna ua la bluu au zambarau lenye umbo la tarumbeta, linalochanua asubuhi na kunyauka mchana. Ni jamaa wa kiazi kitamu, lakini kufanana na matembele kusikudanganye. Mbegu zake zinaweza kumfanya mtoto atapike, achanganyikiwe na kuona vitu visivyokuwepo.

Ya kuchagua

Fiwi huvumilia ukame, huchanua maua ya zambarau au meupe, na majani yake machanga ni mboga. Tahadhari ipo kwenye mbegu zilizokauka, ambazo zina sumu zikiwa mbichi. Ziloweke usiku kucha, mwaga maji, zichemshe hadi ziive kabisa na umwage maji hayo pia.

Dodoki hutoa maua makubwa ya njano, na tunda lake likikauka ni la kuogea. Linahitaji maji zaidi kuliko fiwi.

Jinsi ya kupanda

Mvua za Dodoma hunyesha kati ya Desemba na Aprili, hivyo panda zinapoanza. Loweka mbegu usiku mmoja, kisha zifukie sentimita mbili hadi tatu, nusu mita kutoka ukutani. Funga kamba kutoka kwenye vigingi hadi juu. Kwa kawaida huchipua ndani ya wiki moja hadi mbili.

Mvua zikikatika, mwagilia maji ya kusuuzia mboga au nguo. Usiache ndoo au beseni lenye maji chini ya majani, mbu watazaliana. Punguza matawi yanayofunika dirisha ili hewa ipite.

Mbegu za duka la pembejeo zenye rangi nyekundu, kijani au bluu huwa zimepakwa dawa. Usizilowekee kwenye kikombe cha nyumbani, usile zilizobaki, na nawa mikono kwa sabuni.

Akila mbegu

Toa mabaki mdomoni. Usimlazimishe kutapika, wala usimpe maziwa kwa kubahatisha. Chukua mbegu au tawi la mmea huo, umpeleke kituo cha afya mara moja, hata kama bado anacheza. Dalili za sumu ya tipitipi zinaweza kuchelewa saa kadhaa, wakati mwingine zaidi ya siku moja.

Maganda yakianza kukauka, yachume kabla hayajapasuka na kumwaga mbegu uani. Hifadhi za msimu ujao kwenye chupa yenye mfuniko, uandike jina lake, uiweke juu asikofika mtoto. Anayeanza kuelewa mfundishe mapema: mbegu ya uani haiingii mdomoni hadi mama au baba aseme.