Kuipamba Dashibodi kwa Hadhari

Mwenye gari linalopanda na kushuka vilima vya Kisii na Nyamira, penye mvua karibu mwaka mzima, ajua jinsi matope na unyevu vinavyoichakaza dashibodi. Stika ya vinyli yenye sura ya nyuzi za kaboni huirejeshea haiba. Plastiki husafishwa kwa spiriti, ikakauka kabisa. Kisha stika hupashwa moto kwa mashine ya kukaushia nywele, ikavutwa taratibu penye kona. Asubuhi ya ukungu si wakati wake: gundi haishiki.

Ila palipoandikwa SRS pasiguswe. Nyuma yake mna mfuko wa hewa, nao hupasua kifuniko kwenye mshono uliofanywa dhaifu makusudi. Ukizibwa, mfuko waweza kuchelewa kumkinga mama aliyeketi mbele.