Mafua ya Joe Keller

Tukisema mtu anajidanganya, mara nyingi tunamfikiria kama aliyefumbwa macho: ukweli uko mbele yake ila hauoni, na siku atakapouona ndipo mambo yatakapoharibika. Ndivyo ilivyo kwa Edipode, mfalme ambaye wasomaji wa Kiswahili wanamfahamu kutokana na tafsiri ya S. S. Mushi, Mfalme Edipode. Amemuua baba yake na kumwoa mama yake pasipo kujua, na akishapata fununu anaufukuzia ukweli mpaka unammaliza. Lakini iko namna nyingine ya kujidanganya, iliyozoeleka zaidi majumbani na ya hatari zaidi, ambayo mwenye nayo hakuanzia gizani. Huyu anajua tangu mwanzo, na kwa kuwa anajua, inambidi afanye kazi kila siku ili aendelee kuishi kama asiyejua. Sidhani kama kazi hiyo imewahi kuonyeshwa waziwazi kuliko katika All My Sons, yaani Wanangu Wote, tamthilia ya Mmarekani Arthur Miller iliyopanda jukwaani New York mwezi Januari 1947.

Mambo yote yanatokea uani kwa familia ya Keller, pembezoni mwa mji mmoja wa Marekani, kuanzia Jumapili asubuhi hadi saa nane za usiku. Joe Keller ni mwenye kiwanda, mtu wa makamo, mcheshi, anayependwa na watoto wa mtaani. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia kiwanda chake kilitengeneza silinda hedi za injini za ndege za kivita. Siku moja zikatoka mbovu, zina nyufa. Jeshi lilikuwa linazidai kwa haraka. Nyufa zikazibwa kwa kuchomelewa, mzigo ukapelekwa, ndege zikaanguka, na marubani 21 wakafa. Joe na mshirika wake Steve Deever, ambaye pia alikuwa jirani yake, walitiwa hatiani. Joe alikata rufaa akashinda. Steve yuko gerezani hadi leo. Zaidi ya hayo, Larry, mmoja wa vijana wawili wa Joe, naye alikuwa rubani, na alitoweka vitani zaidi ya miaka mitatu iliyopita. Mama yake, Kate, hataki kusikia kwamba amekufa. Viatu vya kijana vimo kabatini, vimeng'arishwa. Sasa ndugu yake, Chris, anataka kumwoa Ann, aliyekuwa mchumba wa Larry, na Ann huyo ndiye binti wa Steve.

Ushahidi wangu wa kwanza ni simu. Asubuhi hedi mbovu zilipogunduliwa, Joe hakuwepo kiwandani. Steve alimpigia mara kadhaa, naye akamwelekeza azizibe nyufa na kuupeleka mzigo. Steve akaogopa, akamtaka aje mwenyewe. Joe akajibu kwamba hawezi, ameshikwa na mafua, lakini jukumu lote atalibeba yeye. Mahakamani simu haina karatasi. Joe akakana, na neno la Steve likabaki peke yake. Hapa ndipo ninapowapinga wanaomtetea Joe kwa kusema kwamba alibanwa na biashara, kwamba aliamini hedi zile zitashikilia, au kwamba alitumaini zitakamatwa kabla hazijafungwa kwenye ndege. Hayo yote huenda aliyafikiri. Yeye mwenyewe anayasema mambo yanapofika ukingoni, na anayasema kwa uchungu unaoaminika. Mtu aliyetumia miaka 40 kujenga biashara, ambayo ingeweza kufungwa kwa mzigo mmoja mbovu, ana sababu ya kutetemeka. Lakini mafua yanatoboa utetezi huo. Anayeamini kweli kwamba hakuna hatari haoni haja ya kujificha kitandani. Joe alijitengenezea njia ya kutokea kabla ya ndege hata moja kuanguka, na njia hutengenezwa na yule anayejua atahitaji kukimbia.

Inasikitisha kuona uongo huo ulivyofichuka. George, kaka yake Ann, anafika jioni akiwa moto, akitokea gerezani kumwona baba yake na kuusikia ukweli. Kate anampokea kama mwanawe: anamshangaa alivyokonda, anamletea sharubati ya zabibu, anamkumbusha walivyokuwa majirani. Kijana analainika, anakiri kwamba hakuna kwingine anakojisikia nyumbani. Dakika chache tu zimebaki uongo ushinde. Ndipo yanapokuja mazungumzo ya afya, na Kate, kwa fahari ya mke anayemtunza mumewe, anasema kwamba Joe hajalala kitandani kwa ugonjwa kwa miaka 15. Joe anarukia kuongeza: isipokuwa mafua yale ya wakati wa vita. Mke anashtuka, anajaribu kulirudisha neno, lakini George ameshasikia. Angalia alichoponzwa nacho Kate. Hakukosea kwa sababu hakuijua hadithi. Aliijua, ila kwa sekunde moja alisahau kuisimamia. Ukweli haukumponyoka Edipode kwa namna hii, maana hakuwa nao. Uongo wa Keller unahitaji zamu, na zamu ile mlinzi alisinzia.

Katika nyumba hii mlinzi mkuu ni Kate, na hapo ndipo tamthilia inaponigusa zaidi. Wasomaji wengi humwona kama mama aliyepoozwa na huzuni, na huzuni yake ni ya kweli. Jirani, Frank, anamtazamia Larry nyota ili kujua kama siku aliyotoweka ilikuwa siku njema kwake, na mama anaushikilia utabiri huo kwa mikono miwili. Lakini Chris anapoujua uhalifu wa baba yake, Kate anaeleza sababu yenyewe: Larry yu hai, kwani kama amekufa, basi baba yake ndiye aliyemuua, na Mungu haruhusu mwana auawe na baba yake. Kwa hiyo uhai wa Larry na usafi wa Joe ni kitu kimoja; ukikubali kifo, umekubali na jinai. Ndiyo maana Kate hawezi kuiacha ndoa ya Chris na Ann ifungwe, kwa kuwa mchumba wa Larry akiolewa na mwingine, nyumba nzima itakuwa imekiri kwamba Larry hayupo. Anachokilinda si kumbukumbu ya mwanawe peke yake. Analinda meza ya chakula anayokaa na mumewe.

Kuna atakayeuliza kwa haki: mama ambaye hakuletewa maiti wala kuonyeshwa kaburi, ana kosa gani kuendelea kutumaini? Hana kosa lolote, na dunia imejaa akina mama wa namna hiyo, waliopotezewa watoto na vita, bahari au polisi, ambao hakuna mwenye ruhusa ya kuwaambia waache kungoja. Tofauti naiona katika jinsi habari inavyopokelewa. Anayetumaini huulizia, husikiliza kila anayetoka upande ule, na huogopa huku amefungua mlango. Kate ameufunga. Ya Frank anayakumbatia, na kila neno linaloelekea kwenye kifo analikatiza. Tena hangoji peke yake: anamtaka Ann naye angoje, anamtaka Chris asioe, na watoto wa mtaani wanapocheza na Joe mchezo wa polisi na jela anakuja juu na kuamuru mchezo huo ukome. Tumaini ni la mtu mwenyewe. Uongo huu wa kwake umekuwa amri kwa wengine.

Na wengine wameitii. Siku Joe aliyotoka kizuizini alishuka kwenye kona akatembea mtaa mzima, akipita mbele ya vibaraza vya watu waliomwona muuaji, na mfukoni ana karatasi ya mahakama inayosema hana hatia. Miezi 14 baadaye kiwanda chake kilikuwa tena miongoni mwa vile bora katika jimbo. Majirani wanacheza naye karata, lakini Sue, mke wa daktari wa jirani, anamwambia Ann pembeni kwamba hakuna mtu mtaani asiyejua Joe alifanya nini. Hata Chris, anayejiona mwadilifu na anayehubiria wengine uadilifu, hakuwa safi. Baba anataka kuliandika jina la mwanawe kwenye kibao cha kiwanda, naye anakwepa. Mshahara lakini anapokea. Mwishoni anakiri kwamba alimshuku baba yake siku zote na hakufanya kitu. Kukiri huko kunanishinda nguvu kuliko kilio chake chote, kwa sababu ndipo mahali ambapo wengi wetu tungesimama: mbali kidogo na kosa, karibu kabisa na faida yake.

Pingamizi zito kuliko yote linatoka kwa Henrik Ibsen wa Norway, ambaye Miller alijifunza mengi kwake. Katika The Wild Duck ya mwaka 1884, kijana mpenda ukweli anaingia katika nyumba ya rafiki yake na kufumua uongo uliokuwa ukiishikilia, na matokeo yake ni mtoto asiye na hatia kujiua. Daktari mmoja humo anashikilia kwamba mtu wa kawaida ukimnyang'anya uongo anaouishi, umemnyang'anya na furaha. Je, kwa Keller si vivyo hivyo? Ann anatoa barua ya mwisho ya Larry, aliyoitunza muda wote huo: kijana alisoma magazetini kuhusu kesi ya baba yake, akashindwa kuwatazama wenzake usoni, akarusha ndege ili asirudi. Baba anasomewa na Chris, anakubali kwamba wale marubani wote walikuwa wanawe, anaingia ndani kama anayejiandaa kwenda kujisalimisha, na mlio wa bastola unasikika. Ukweli umeua.

Sikubaliani, na sababu ni Steve Deever. Uongo wa nyumba ile ya Ibsen uliwahifadhi waliokuwa ndani yake. Uongo wa Keller unalishwa na mtu aliyefungwa. Kila asubuhi Joe anapoketi uani na gazeti lake, mwenzake anaamkia selo, mtoto wa kike hamwandikii baba yake barua hata moja, na mtoto wa kiume amemkana mpaka juzi. Wahenga wanasema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini methali hiyo inachukulia kwamba mficha ndiye mgonjwa. Hapa mficha alinawiri, na aliyeugua ni mwingine. Na tukihesabu vifo kwa mpangilio wake, Larry alijiua kwa sababu ya hedi zile, kabla ya mtu yeyote kumfumbulia Joe lolote. Ukweli haukumfikia akiwa salama ukamwangusha. Ulimkuta keshaangushwa na uhalifu, na kinachoongezwa na miaka mitatu ya kukanusha ni kwamba baba alipaswa kulia kwa vifo vyote kwa usiku mmoja.

Joe alikuwa ameshasema, kabla ya barua kusomwa, kwamba yeye ni baba na Chris ni mwana, na kama kuna kitu kikubwa kuliko hicho atajipiga risasi. Watazamaji wengi huona kifo chake kama toba. Nami naiona toba hiyo, ila naona pia yale mafua. Simu ile ilikuwa na watu wawili; mmoja amenyamaza milele, na amenyamaza usiku ule ule alioahidi kwenda kusema. Kate anamwambia Chris asijitwishe lawama, asahau, aishi. Ni maneno ya huruma, na ni maneno yale yale yaliyoiendesha nyumba hii tangu mwanzo. Steve bado yuko ndani. Waliobaki wanaoweza kwenda mahakamani kusema Joe hakuwa mgonjwa siku ile ni mama na mwana, na Miller anashusha pazia kabla hawajaamua.