Saido Berahino

Saido Berahino (alizaliwa Bujumbura, Burundi, 4 Agosti 1993) ni mchezaji wa mpira wa miguu anayecheza katika nafasi ya mshambuliaji. Aliingia Uingereza akiwa mtoto mkimbizi, akalelewa kisoka na klabu ya West Bromwich Albion, na baadaye akachezea Stoke City, Zulte Waregem, Charleroi, Sheffield Wednesday na AEL Limassol. Alizichezea timu za vijana za Uingereza na aliwahi kuitwa katika timu ya wakubwa, lakini mwaka 2018 alichagua kuiwakilisha nchi aliyozaliwa. Alikuwa nahodha wa Burundi iliposhiriki Kombe la Mataifa ya Afrika kwa mara ya kwanza, mwaka 2019.

Maisha ya awali

Berahino alizaliwa miezi michache kabla Burundi haijaingia vitani. Tarehe 21 Oktoba 1993 aliuawa Melchior Ndadaye, rais wa kwanza wa nchi hiyo kuchaguliwa katika uchaguzi wa vyama vingi. Mauaji hayo yalifuatwa na vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyodumu zaidi ya miaka kumi. Watu wengi walikimbilia Tanzania na nchi nyingine za jirani, na baadhi yao walifika Ulaya.

Baba yake Berahino aliuawa katika vita hivyo mwaka 1997. Mama yake na ndugu zake walitangulia kwenda Uingereza, naye akawafuata akiwa na umri wa miaka 10. Alisafiri bila wazazi na hakujua Kiingereza. Alipofika aliwekwa kwanza katika malezi ya serikali, kwa kuwa mamlaka zilitaka uthibitisho kwamba mwanamke aliyemdai alikuwa kweli mama yake. Kipimo cha vinasaba (DNA) kilipothibitisha uhusiano wao, mtoto aliruhusiwa kuishi na familia yake mjini Birmingham.

Alisoma katika shule ya Aston Manor. Mpira ulimsaidia kupata marafiki kabla hajaimudu lugha. Mwaka 2004 aliingia akademia ya West Bromwich Albion, klabu iliyo jirani na Birmingham.

Maisha ya klabu

West Bromwich Albion

Kama ilivyo kawaida kwa vijana wengi wa Uingereza, Berahino alipelekwa kwanza kwa mkopo katika klabu za madaraja ya chini ili azoee soka la watu wazima. Alichezea Northampton Town, Brentford na Peterborough United kabla ya kurudi kwenye klabu yake.

Tarehe 27 Agosti 2013 alifunga mabao yote matatu West Brom ilipoishinda Newport County 3–0 katika Kombe la Ligi. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 28 Septemba, alifunga bao la ushindi dhidi ya Manchester United kwenye uwanja wa Old Trafford, mechi iliyomalizika 2–1. Hilo lilikuwa bao lake la kwanza katika Ligi Kuu, na West Brom ilikuwa haijashinda katika uwanja huo tangu mwaka 1978.

Msimu wa 2014–15 ndio uliokuwa bora kuliko yote katika maisha yake ya soka. Alifunga mabao 20 katika mashindano yote, yakiwemo 14 ya Ligi Kuu. Katika mechi moja ya Kombe la FA, Januari 2015, alifunga mabao manne Gateshead ilipofungwa 7–0. Alikuwa na umri wa miaka 21, na klabu kubwa zaidi zilianza kumtaka.

Katika dirisha la usajili la majira ya joto ya 2015, Tottenham Hotspur ilitoa ofa kadhaa za kumnunua, lakini West Brom ilizikataa zote. Siku dirisha lilipofungwa, Berahino aliandika kwenye Twitter kwamba hatacheza tena chini ya mwenyekiti wa klabu, Jeremy Peace. Hata hivyo alirudi kikosini mwezi huohuo na kufunga bao pekee katika ushindi wa 1–0 dhidi ya Aston Villa. Msimu huo hakufikia tena kiwango chake cha awali. Mwezi Aprili 2016 alikosa penalti mbili katika mechi moja dhidi ya Watford, zote zikiokolewa na kipa Heurelho Gomes, na Watford ikashinda mechi hiyo 1–0.

Kwa jumla aliifungia West Brom mabao 36 katika mechi 121.

Stoke City

Januari 2017 Berahino alihamia Stoke City kwa ada ya pauni milioni 12, ambayo ingeweza kupanda hadi milioni 15. Mwezi uliofuata, kocha wa Stoke, Mark Hughes, alithibitisha kwamba mchezaji huyo alikuwa ametumikia adhabu ya wiki nane ya Chama cha Soka cha Uingereza wakati akiwa bado West Brom, baada ya kugundulika na dawa iliyokatazwa. Haikuwa dawa ya kuongeza nguvu uwanjani. Berahino mwenyewe alisema aliwekewa dawa hiyo kwenye kinywaji bila kujua.

Pale Stoke alikumbwa na ukame mrefu wa mabao. Baada ya kufunga dhidi ya Crystal Palace tarehe 27 Februari 2016, akiwa West Brom, hakufunga tena katika mechi ya mashindano hadi tarehe 28 Agosti 2018, alipoifungia Stoke dhidi ya Huddersfield Town katika Kombe la Ligi. Zilikuwa zimepita siku 913. Katika kipindi hicho Stoke ilishuka daraja kutoka Ligi Kuu.

Mwaka 2019 alipatikana na hatia ya kuendesha gari akiwa amelewa, akatozwa faini na kufungiwa kuendesha gari. Mkataba wake na Stoke ulivunjwa mwaka huohuo.

Ubelgiji, Sheffield na Kupro

Agosti 2019 alijiunga na Zulte Waregem ya Ubelgiji, kisha msimu wa 2020–21 akaichezea Charleroi ya nchi hiyohiyo kwa mkopo. Mwaka 2021 alirudi Uingereza na kusajiliwa na Sheffield Wednesday, iliyokuwa katika daraja la tatu. Machi 2022 alifunga mabao matatu katika ushindi wa 6–0 dhidi ya Cambridge United. Mwaka 2022 alihamia AEL Limassol ya Kupro.

Timu ya taifa

Uingereza

Berahino aliichezea Uingereza katika ngazi mbalimbali za vijana. Alikuwa katika kikosi cha chini ya miaka 17 kilichotwaa ubingwa wa Ulaya mwaka 2010, na katika timu ya chini ya miaka 21 alifunga mabao 10. Novemba 2014 kocha Roy Hodgson alimwita katika timu ya wakubwa kwa ajili ya mechi dhidi ya Slovenia na Uskoti, lakini hakuingia uwanjani katika mechi yoyote kati ya hizo.

Jambo hilo ndilo lililomwachia njia ya kurudi Burundi. Kwa kanuni za FIFA za wakati huo, mchezaji aliyekwisha kucheza mechi ya mashindano katika timu ya taifa ya wakubwa hakuweza kuhamia taifa jingine. Aliyecheza mechi za vijana pekee aliweza kubadili mara moja, mradi awe na haki ya uraia wa nchi anayoiendea. Gaël Bigirimana, mzaliwa mwingine wa Bujumbura aliyekulia Uingereza, alifuata njia hiyohiyo kabla yake.

Burundi

Berahino alianza kuichezea Burundi, maarufu kama Intamba mu Rugamba, Septemba 2018 katika sare ya 1–1 na Gabon. Timu hizo zilikutana tena Bujumbura tarehe 23 Machi 2019, katika mechi ya mwisho ya kufuzu. Burundi ilihitaji sare tu. Bao la Cédric Amissi liliiweka mbele, Gabon ikasawazisha, na matokeo ya 1–1 yaliipeleka Burundi fainali huku Gabon ya Pierre-Emerick Aubameyang ikibaki nyumbani.

Katika fainali zilizofanyika Misri, Burundi chini ya kocha Olivier Niyungeko ilifungwa 1–0 na Nigeria, 1–0 na Madagaska, na 2–0 na Guinea. Iliaga mashindano bila kufunga bao.

Septemba 2019 Burundi ilikutana na Tanzania katika raundi ya kwanza ya kufuzu Kombe la Dunia la 2022. Mechi zote mbili, ya Bujumbura na ya Dar es Salaam, ziliisha 1–1, na Tanzania ikasonga mbele kwa mikwaju ya penalti 3–0.