Mpunga, Mchicha na Mto Msimbazi

Mpunga hukaa shambani miezi minne hivi. Mchicha huvunwa baada ya wiki tatu au nne. Mvua zikichelewa, mkulima wa Bonde la Msimbazi, Dar es Salaam, huweza kumwagilia mchicha kwa ndoo (maji hayo, kwa bahati mbaya, hubeba taka za viwandani) akapata fedha za matumizi.

Mafuriko hayachagui zao. Desemba 2011 mto ulifurika, na watu zaidi ya 40 walikufa jijini. Mpunga hustahimili maji ya magotini, lakini ukizama wote kwa wiki mbili hufa. Mchicha huoza katika siku chache. Kipato kinachosalimika ni kile kilicho nje ya bonde: genge la Kariakoo, cherehani, ukuli sokoni. Lakini genge huhitaji mtaji, na aghalabu mtaji huo hutoka katika mchicha uleule.