Kipokezi cha Wizi: Kirusi cha Kaposi Ndani ya Seli (Sehemu ya Pili)

Katika sehemu ya kwanza tuliona virusi vikitumia vipokezi vya seli kama njia ya kuingilia. Kirusi kinacholeta saratani ya Kaposi kimepita hapo: kinatembea na kipokezi chake, nacho ni cha wizi. Saratani yenyewe ilielezwa na Moritz Kaposi mjini Vienna mwaka 1872, na nchini Uganda ilikuwa ya kawaida tangu kabla ya UKIMWI, lakini kirusi chake kilikuja kugunduliwa na Yuan Chang na Patrick Moore mwaka 1994. Jeni zake zilipochunguzwa, kadhaa zilionekana zimechotwa kwa viumbe ambavyo kirusi hiki na mababu zake viliishi ndani yao. Mojawapo hutengeneza kipokezi kinachofanana mno na kile ambacho chembe nyeupe za damu hutumia kupokea intalukini-8, kemikali inayoziita penye maambukizi. Kufanana huko hakutoshi kuthibitisha madhara. Ushahidi uko katika tabia. Kipokezi cha binadamu hutulia mpaka kemikali ifike. Hiki cha kirusi hutoa amri bila kupokea chochote, na seli, isiyo na namna ya kuzitofautisha amri hizo na zake, humwaga protini inayochipusha mishipa mipya ya damu. Si ajabu basi kwamba mabaka ya Kaposi huwa ya zambarau: yamejaa damu.

Msomaji makini atapinga kwamba ndani ya uvimbe seli zenye kipokezi hiki ni chache mno, kwani jeni yake huamka hasa kirusi kinapozaliana, na seli inayozalisha virusi kwa kawaida hufa. Pingamizi hilo ni zito, ila linasahau kwamba protini iliyomwagwa huzifikia seli jirani. Panya waliopandikizwa jeni hiyo, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2000, walipata uvimbe unaofanana na wa Kaposi ingawa seli zilizoitumia zilikuwa chache. Tena wagonjwa wa UKIMWI waliopewa gansiklovia, dawa inayozuia kuzaliana kwa virusi vya jamii hii, walipata Kaposi kwa nadra zaidi. Hata hivyo dawa hiyo haifui dafu mbele ya uvimbe uliokwisha kukomaa. Kwa maoni yangu, basi, kipokezi huuanzisha uvimbe. Kuulea ni kazi ya jeni zinazofanya kazi kirusi kikiwa kimelala, ambazo tutazichambua katika sehemu ya tatu.