Bomu Lilianzia Katanga

Mjadala wa maadili ya silaha za nyuklia karibu kila mara huanzia angani, katika ndege iliyoruka juu ya Hiroshima asubuhi ya tarehe 6 Agosti 1945. Je, ilikuwa halali kuliangusha bomu lile? Swali hilo ni zito, na watu wapatao 140,000 waliokufa mjini humo kabla mwaka haujaisha wanastahili liendelee kuulizwa. Tatizo ni kwamba limeyafunika maswali mengine yote. Vita vina mvuto wake: vina saa na tarehe, vina kamanda anayetoa amri, vina moto unaoonekana, vina mshindi na mshindwa. Tukishavutwa huko, teknolojia nzima ya nyuklia huonekana kama uamuzi wa dakika moja uliofanywa na watu wachache wenye majina. Hoja yangu ni kwamba mvuto huo si udhaifu mdogo wa watazamaji wa sinema. Ndio unaoamua nani ahesabiwe na nani asahauliwe tunapopima haki na dhuluma ya nyuklia, na waliotangulia kusahauliwa ni watu wa Katanga.

Bomu la Hiroshima lilibeba urani ya kilo 64 hivi. Sehemu kubwa ya urani iliyotumika katika mradi wa Marekani wa kuunda silaha hiyo, kiasi cha theluthi mbili, ilitoka Kongo ya Wabelgiji, katika mgodi wa Shinkolobwe huko Katanga, karibu na mji uitwao leo Likasi. Kampuni ya Union Minière ilikuwa ikichimba hapo tangu miaka ya 1920 ikitafuta radiamu, iliyosafishwa Olen nchini Ubelgiji na kuuzwa kwa bei kubwa. Urani yenyewe haikuwa na soko la maana. Mwishoni mwa mwaka 1938 wanasayansi wa Berlin walipogundua kwamba kiini cha urani huweza kupasuliwa, hesabu zikabadilika. Barua ambayo Einstein alimwandikia Rais Roosevelt tarehe 2 Agosti 1939 ilitaja Kongo kuwa chanzo muhimu kuliko vyote. Sababu ilikuwa ndani ya miamba: mawe ya migodi mingi duniani huwa na urani isiyofika hata asilimia moja, lakini ya Shinkolobwe yaliweza kufika asilimia 65. Mwaka 1940 Edgar Sengier, mkurugenzi wa kampuni, alipeleka tani zipatazo 1,200 katika ghala la Staten Island, New York, na mwaka 1942 jeshi la Marekani likazinunua. Kisha mgodi uliokuwa umefungwa na kujaa maji ukafunguliwa tena. Vita vilipokwisha, serikali ya Marekani ilimtunuku Sengier nishani. Waliochimba mawe yale, wakayachambua na kuyapakia kwenye magunia, hawakuambiwa hata yanakwenda kufanya kazi gani.

Mtu anaweza kujibu kwamba enzi zile hakuna aliyejua hatari ya mionzi, hivyo hakuna wa kulaumiwa. Jibu hilo halisimami. Madaktari wa Ujerumani walikwisha kuonyesha mwaka 1879 kwamba wachimbaji wa Schneeberg walikuwa wakifa kwa uvimbe wa mapafu, na kabla ya Vita vya Pili vya Dunia gesi ya radoni, inayotoka katika mawe yenye urani, ilikuwa imeanza kutajwa kuwa chanzo. Nchini Marekani, wasichana wa viwandani waliopaka radiamu kwenye nyuso za saa walikufa katika miaka ya 1920, na kesi zao ziliandikwa magazetini. Ujuzi ulikuwepo, kilichokosekana ni nia ya kuutumia kumlinda kibarua Mwafrika. Jinsi maisha yake yalivyothaminiwa ilikuwa wazi tangu Desemba 1941, pale wafanyakazi wa Union Minière hiyohiyo walipogoma huko Elisabethville, Lubumbashi ya leo, wakidai mshahara unaoendana na bei zilizopandishwa na vita. Askari waliwafyatulia risasi na kuua makumi. Hao nao ni wafu wa Vita vya Pili vya Dunia, lakini ni nadra kuwakuta katika vitabu vyake. Hata katika elimu ya mionzi pengo ni lilelile: tangu mwaka 1950 afya ya watu wapatao 120,000 wa Hiroshima na Nagasaki imefuatiliwa, na viwango vya kinga vinavyotumika duniani vinategemea sana matokeo ya utafiti huo. Wachimbaji wa Shinkolobwe hawakupata kufuatiliwa hivyo.

Mvuto wa vita niliousema mwanzoni ulikuwa ukiuzwa hadharani. Marekani ilipoanza kulipua mabomu ya majaribio Nevada, Januari 1951, hoteli za Las Vegas, umbali wa kilomita mia moja hivi, ziliwaalika wageni waamke alfajiri watazame mwanga. Mwaka 1957 mnenguaji mmoja alipigwa picha ya matangazo akiwa amevaa wingu la bomu lililoshonwa kwa pamba. Wakati huohuo upepo ulikuwa ukipeleka vumbi la mionzi kwenye mashamba na miji ya Utah. Ilichukua hadi mwaka 1990 kwa Bunge la Marekani kupitisha sheria ya kuwafidia wagonjwa wa huko, pamoja na wachimbaji wa urani wa majimbo yake, wakiwemo Wanavajo wengi, wenyeji asilia wa Arizona na majimbo jirani. Sheria ile ilikuwa na mapungufu, lakini ilikubali kanuni kubwa: mchimbaji ni sehemu ya bomu, na ugonjwa wake ni deni la taifa lililolitaka bomu hilo. Kanuni ikishakubaliwa Arizona, sioni hoja ya kuikatalia Katanga, ambako serikali hiyohiyo ndiyo iliyokuwa mnunuzi.

Wapo watakaosema kwamba Hitler alikuwa hatari ya kweli na kwamba katika vita kila mtu hubeba mzigo wake. Hofu ile ilikuwa ya haki, nakubali. Ila ilipofika mwishoni mwa mwaka 1944, ikaonekana kwamba Wajerumani hawana bomu, mwanafizikia Joseph Rotblat aliacha kazi Los Alamos, maabara ya kuundia bomu, kwa sababu hofu iliyompeleka huko ilikuwa imekwisha, na mradi ukaendelea. Julai 1945 wanasayansi 70 walitia saini ombi la mwanafizikia Leo Szilard la kuzuia matumizi ya bomu bila Japani kupewa kwanza nafasi ya kusalimu amri. Hata kama tungekubali vita vile vilikuwa vya haki mwanzo hadi mwisho, bado deni lingebaki. Askari hupewa pensheni kwa sababu hatari aliyotumwa kuibeba inatambuliwa. Mchimbaji alibebeshwa hatari asiyoijua, kwa vita ambavyo hakuulizwa habari zake, chini ya utawala ambao hakuuchagua.

Hoja nzito zaidi ni ile ya kuogopana: kwamba tangu 1945 mataifa makubwa hayajapigana ana kwa ana kwa sababu kila moja linajua litaangamia. Siidharau. Lakini amani hiyo ilikuwa amani kwa nani? Ili vitisho viaminike, mabomu zaidi ya 2,000 yamelipuliwa kwa majaribio, na miongoni mwa mahali palipochaguliwa ni Visiwa vya Marshall, nyika za Wakazaki, na Reggane katika Sahara ya Algeria, ambako Ufaransa ililipua bomu lake la kwanza tarehe 13 Februari 1960 huku Nkrumah wa Ghana na viongozi wengine wa Afrika wakipinga. Anayesema silaha hizi hazijaua tangu Nagasaki amechukua mpaka wa vita kuwa mpaka wa madhara.

Hayo yote hayanifanyi niikatae nyuklia. Wagonjwa wa saratani wanaotibiwa kwa mionzi katika hospitali ya Ocean Road, Dar es Salaam, wananufaika na elimu hii kila siku, na umeme wa nyuklia hautoi moshi wa makaa ya mawe. Nataka tu hesabu ianzie shimoni. Mpaka kati ya amani na vita si ukuta: mitambo inayorutubisha urani hadi asilimia 3 au 5 kwa ajili ya vinu vya umeme inaweza, ikiendelea kuzungushwa, kufikia asilimia 90 za silaha. Rosatom, shirika la serikali ya Urusi lenye mradi wa urani wa Mto Mkuju wilayani Namtumbo, mkoani Ruvuma, Tanzania, linasimamia pia utengenezaji wa silaha za nyuklia za nchi hiyo. Kwa hiyo Watanzania wana haki ya kuuliza urani ya Ruvuma itaishia wapi, wala hilo si swali la wanadiplomasia peke yao. Wana haki pia ya kudai kwamba afya ya wafanyakazi na ya vijiji jirani ipimwe kabla ya uchimbaji mkubwa kuanza, na kumbukumbu zitunzwe na chombo kisicho cha kampuni kwa miaka 40 au zaidi, kwa maana saratani ya mapafu huchukua miongo kujitokeza. Shinkolobwe ni onyo la kinachofuata mgodi ukiachwa: ilizibwa kwa zege Kongo ilipopata uhuru. Watu wakarudi kuchimba kobalti kwa mikono, hadi sehemu ya mgodi ilipoporomoka mwaka 2004 na kuua baadhi yao. Fedha za kulinda mashimo na mabaki ya Namtumbo baada ya mgodi kufungwa ziwekwe akiba sasa, kabla tani ya kwanza haijasafirishwa kwa mnunuzi, na kiasi chake kitangazwe.