Kunakili Kanda za Video bila Kuharibu Picha

Katika nyumba za Kiboriloni, ukingoni mwa mji wa Moshi, bado zimo kanda za video za arusi, za kipaimara na za mikutano ya ukoo wakati wa Krismasi. Baadhi ya wazee waonekanao humo wamekwisha fariki, na pengine sauti zao hazipo mahali pengine. Kampuni ya Funai ya Japani, iliyokuwa ya mwisho kutengeneza deki za VHS, iliacha kazi hiyo mwaka 2016. Kwa hiyo kanda hizo yafaa zinakiliwe mapema, tena kwa uangalifu.

Kanda ya VHS ina upana wa milimita 12.7. Picha huandikwa juu yake kwa nguvu ya sumaku, katika mistari ya mshazari. Vichwa vya kusomea vimefungwa kwenye ngoma ambayo, katika mtindo wa PAL uliotumika Tanzania, huzunguka mara 25 kwa sekunde. Kila mstari hubeba nusu ya picha moja.

Kanda inaponakiliwa, kasoro zake hunakiliwa pia, kisha deki ya pili huongeza kasoro zake yenyewe. Ndiyo sababu nakala ya nakala hujaa chenga na rangi zake huvuka mipaka. Basi nakala hutolewa katika kanda ya asili, na huingizwa moja kwa moja katika kompyuta. Picha ikisha geuzwa kuwa tarakimu, nakala zifuatazo haziongezi kasoro.

Kabla ya kazi, kanda iliyotoka mahali penye baridi iachwe chumbani mpaka ipate joto la hapo. Yenye ukungu mweupe isichezwe, kwa kuwa itachafua vichwa. Ipelekwe kwa fundi. Vichwa visafishwe kwa spiriti na ngozi laini, bila kutumia pamba, ambayo nyuzi zake hunasa. Kitambaa kitulizwe na ngoma izungushwe polepole kwa mkono; kukisugua juu na chini huvunja vichwa.

Deki iunganishwe kwa waya wa picha na waya wa sauti, si kwa tundu la antena, kwani njia hiyo hulazimu picha kupandishwa juu ya wimbi la redio na kushushwa tena, nayo hupungua ubora. Mwisho, kirekebishi cha deki kisogezwe mpaka mikwaruzo itoweke.

Baada ya hapo kanda ya asili isitupwe. Isimamishwe wima mahali pakavu, mbali na vumbi na jua.